Yusufu na Mkalimani Wake



Kiangazi kilichopita tulimzika bibi mmoja wa mtaa wetu, mjane, mwanachama wa Umoja wa Mama tangu siku zile mikutano ilipofanyika chini ya mti. Jina lake hatulitaji, waliokuwapo wanamjua. Alivuka mto Kagera akiwa msichana, mwaka 1961, akitembea nyuma ya ng'ombe wa baba yake, na tangu hapo hakuishi tena mahali pengine ila Karagwe. Kabla hajafariki aliwaambia wanawe mambo matatu. La kwanza, azikwe hapa hapa Nyakasimbi, katika kibanja chake, kando ya mumewe. La pili, karatasi yake ya uraia wa Tanzania, aliyokuwa akiiweka ndani ya Kitabu cha Sala katika mfuko wa nailoni, wapewe wajukuu waitunze. La tatu, wakati wa kumshusha kaburini uimbwe wimbo mmoja kwa Kinyarwanda, ule aliokuwa akiuimba mama yake.

Mawili ya kwanza yalitimizwa bila shida. Jeneza lilipokuwa juu ya kamba, kwaya ikamtazama mwalimu wao, mwalimu akamtazama mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa akatutazama sisi. Nasi tukatazama chini. Kati ya watu waliosimama pale migombani, si chini ya nusu walikuwa wanaujua wimbo ule tangu utoto wao. Hakuna aliyeanza. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko maombi yote tuliyoomba siku ile.

Tutarudi kaburini pale, maana habari yake haikuishia hapo. Lakini kwanza tujiulize, kimya kile kilitoka wapi?

Wengi mnakumbuka mwaka 2013. Mwezi wa Julai serikali ilitoa amri kwamba wageni wanaoishi mkoani Kagera bila kibali waondoke, na mwezi wa Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake. Hilo hatubishani nalo, na siku zile ujambazi wa njiani ulikuwa umetuchosha sote, wenyeji na wageni. Lakini watu maelfu walivuka kwenda Rwanda kwa majuma machache, na kati yao walikuwamo waliozaliwa huku, na wake walioacha waume, na akina mama walioacha watoto. Jirani alimpima jirani kwa urefu wa pua na kwa matamshi ya herufi. Basi watu wakajifunza kunyamaza. Sokoni Kinyarwanda kikakoma. Mama akiwa njiani na mtoto, mtoto akisema neno la nyumbani, alifinywa mkono.

Na kanisani? Zamani palikuwa na wimbo mmoja wa Kinyarwanda kila Jumapili ya Ushirika Mtakatifu. Sisi wenyewe tuliokuwa na dhamana ya ibada tulisema, "Kwa sasa tuuache." Hakuna aliyetulazimisha, hakuna barua iliyotoka popote. Tulikuwa waangalifu tu. Neno lile "kwa sasa" limechukua miaka zaidi ya 10.

Tusome Mwanzo 42. Ndugu zake Yusufu wameshuka Misri kununua nafaka. Mbele yao ameketi mtu mkubwa, amevaa kitani safi, ana pete ya Farao, ana jina la Kimisri, Safenath-panea, na mke wa Kimisri, Asenathi binti wa kuhani wa Oni. Wanasemezana wao kwa wao, wakidhani hasikii. Naye anasikia kila neno. Ni lugha aliyonyonyeshwa nayo. Lakini mstari wa 23 watuambia kwamba katikati yao alisimama mkalimani. Yusufu, mwana wa Yakobo, azungumza na wana wa Yakobo kwa mkalimani! Halafu ageuka kando, alia.

Twajua kwamba alikuwa akiwajaribu nduguze. Hata hivyo, yafaa tumtazame yule mkalimani. Kazi yake mahali pale ilikuwa nini, ikiwa pande zote mbili zilielewana? Alikuwa ukuta. Yusufu alijificha nyuma yake kama vile watu wetu walivyojificha nyuma ya Kiswahili chema cha shuleni. Hapo mtu hutumia lugha asiulizwe atokako, wala hana haja ya kueleweka. Hata ilipofika sura ya 45, Yusufu hakuweza kujizuia tena. Aliwatoa Wamisri wote chumbani, na mkalimani akatoka pamoja nao, kisha akawaambia nduguze watazame ya kuwa ni kinywa chake mwenyewe kinachosema nao.

Kabla ya siku ile Yusufu alikuwa amezaa wana wawili. Mkubwa alimwita Manase, akisema kwamba Mungu amemsahaulisha nyumba yote ya baba yake. Jambo la ajabu. Mtu aliyesahau kweli hampi mtoto jina la kusahau. Kila asubuhi akimwita kijana aje kunawa uso, alikuwa akiitaja Kanaani bila kuitaja.

Ndugu wengine, nao si watu wabaya, hutuuliza: "Hawa wenzetu wamepewa ardhi, wamepewa uraia, watoto wao wamesoma bure. Kwa nini basi wasiwe Wanyambo, au Watanzania tu, wakamaliza maneno?" Swali hili linastahili jibu lenye heshima, na jibu halianzi na wakimbizi. Laanza na sisi wenyewe.

Babu zetu wengi, wenyeji wa Karagwe hii, walikwenda Buganda siku za Mwingereza kutafuta fedha ya kodi na ya mahari katika mashamba ya kahawa na pamba. Wapo waliorudi na baiskeli na blanketi. Wapo ambao hawakurudi. Huko wageni wengi, Wanyarwanda, Warundi na watu wa kwetu, walijipa majina ya Kiganda na kuingia katika koo za Kiganda, maana aliyeitwa mgeni alipewa kazi ya mwisho na kitanda cha mwisho. Wajukuu wao leo ni Waganda kabisa, na hatuwalaumu. Lakini waulizeni wazee wa koo zetu kama wamewasahau. Mpaka leo jamaa akija kutoka Masaka akasema, "Babu yangu alitoka upande huu wa Karagwe, alikuwa wa ukoo fulani," mbuzi huchinjwa. Hakuna anayemuuliza kibali chake cha kukumbuka. Yale tunayoyapenda kwa mtoto wetu aliyeko ugenini, mbona twayaona ni kosa kwa mtoto wa ugeni aliyeko kwetu?

Tena nchi hii haikuwa kisiwa kamwe. Mfalme Rumanyika alipokaa Bweranyange, mwaka 1861, alimpokea Mwingereza Speke, na kabla ya Speke walikuwapo wafanyabiashara wa Kiarabu wa Pwani pale Kafuro. Wajerumani waliitawala Karagwe na Rwanda pia, mpaka vita ilipowaondoa mwaka 1916. Kisha Waingereza na Wabelgiji wakagawana, na kwa muda mfupi hata Gisaka, ng'ambo ya mto, iliwekwa mkononi mwa Waingereza, ikarudishwa kwa Wabelgiji mwaka 1923. Watu walilala upande mmoja wakaamka upande mwingine bila kuhamisha hata chungu. Na uamsho uliowaka Gahini katika miaka ya 1930 haukungoja mhuri. Ulivuka ukaja kwetu, ukasambaa Afrika Mashariki nzima, na popote ulipofika watu waliimba Tukutendereza kwa Kiganda, Wajaluo na Wagogo na Wakikuyu, wala hakuna aliyesema kwamba wamekuwa Waganda.

Sasa juu ya wakimbizi wenyewe. Machafuko yalianza Rwanda Novemba 1959. Watutsi maelfu kwa maelfu walikimbilia Uganda, Burundi, Kongo na huku Tanganyika. Katika Karagwe ya siku zile wengi walipewa mahali Kimuli na Nkwenda, ambako siku hizi ni wilaya ya Kyerwa, na wengine wakasambaa vijijini. Wazee wanasimulia kwamba wapo waliokataa kabisa kupanda migomba. Walilima maharage na viazi, vitu vya miezi mitatu, minne. Mgomba ni mmea wa mtu anayekaa. Kila mwaka walisema, "Mwakani tutakuwa kwetu."

Hapo ndipo Yeremia 29 inapotusaidia. Watu wa Yuda walipokuwa Babeli walikuwako manabii waliowaambia maneno matamu. Hanania, katika sura ya 28, aliwaahidi miaka miwili tu. Yeremia aliwaandikia barua isiyopendeza: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni na kuozesha, uombeeni amani mji ule mlikochukuliwa, maana amani yake ndiyo amani yenu. Na miaka aliyowatajia ilikuwa 70. Mtu mzima aliyesikia barua ile ikisomwa alijua kwamba yeye hatarudi. Pengine mjukuu wake. Wengi wetu husoma barua hii kana kwamba inasema, "Sahauni." Haisemi hivyo. Mtu asiyekumbuka Yerusalemu hana haja ya kuhesabu miaka 70. Kupanda mgomba na kuhesabu miaka ni kazi za mtu mmoja.

Bibi yetu alipanda. Yeye na mumewe waliweka kibanja, wakapanda kahawa katikati ya migomba kama majirani, wakajifunza Kinyambo wakakisema kwa lafudhi iliyowachekesha watoto wa hapa. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwafungulia mlango wa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000 kwa mara moja, jambo ambalo lilikuwa nadra katika Afrika nzima, na mwaka 1983 Mwalimu alipewa Tuzo ya Nansen ya wale wanaowatendea mema wakimbizi. Wapo waliofuatilia karatasi zao mpaka wakazipata mkononi. Wapo waliodhani kwamba neno la Rais latosha. Tofauti ya hao wawili ilionekana mwaka 2013. Vijana, someni karatasi zenu na za wazazi wenu, na mkiona upungufu nendeni Uhamiaji mapema, mchana kweupe, msingoje kuitwa. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Ni lazima achague. Bibi alichagua, wala hatukumsikia hata siku moja akiinung'unikia Tanzania. Aliweka bendera ndogo ya karatasi kwenye ukuta wa sebule, karibu na picha ya Mwalimu.

Lakini katika nyumba ile ile kilining'inia kibuyu cha kusukia maziwa, kilichofukizwa moshi kama walivyofanya kwao, na aliyekigusa kwa mikono michafu alijuta. Watoto wake walisalimia "Shikamoo" shuleni, wakasalimia kwa Kinyambo sokoni, na wakiingia mlangoni mwake walisema "Mwaramutse," la sivyo chai haikumiminwa. Kila mtoto alikuwa na jina lake mwenyewe lenye habari ndani yake, kama desturi yao ilivyo. Mtu anayeitwa Hakizimana amebeba mahubiri mazima, kwamba Mungu ndiye aponyaye. Mwana wake mmoja alipofika shule ya mbali aliandikishwa kwa jina lingine lililokuwa rahisi kwa mwandikishaji, akaliacha lile la kwanza kama mtu avuaye shati. Mama yake hakumgombeza. Aliendelea kumwita la kwanza, miaka 40. Danieli naye Babeli waliitwa Belteshaza, akaitika, akafanya kazi ya mfalme kwa uaminifu. Ila Maandiko yanaendelea kumwita Danieli.

Twadhani akina mama na bibi wameifanya kazi hii kuliko wanaume. Wanaume wetu, tuseme kweli, huzungumza habari za taifa kwenye rubisi. Wanawake hulipitisha kwa kijiko. Nehemia alirudi Yerusalemu akakuta nusu ya watoto wasema Kiashdodi, hawawezi kusema lugha ya Wayahudi, kwa sababu ya nyumba walimolelewa. Alighadhibika akawapiga baba zao na kuwang'oa nywele. Hatushauri njia hiyo. Twasema tu kwamba aliona vizuri jambo lilipopotelea. Lilipotelea jikoni.

Sasa tuje kwenye neno gumu zaidi, ambalo tungependa kuliruka lakini haifai.

Si kila kitu mtu anachobeba kutoka kwao ni maziwa. Usiku wa tarehe 28 Aprili 1994, na kesho yake, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja. Wengine wengi wakaingia katika wilaya yetu. Nyuma yao mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yakiendelea bado. Hawa waliovuka wengi wao walikuwa Wahutu. Kati yao walikuwamo watu wasio na hatia hata kidogo, akina mama na wazee na watoto, na walikuwamo wauaji. Kule Benaco walipangwa kufuatana na tarafa walizotoka, na wakubwa wao wa zamani wakawa wakubwa wao kambini. Kwa hiyo walihifadhi nchi yao kikamilifu kabisa, na walihifadhi pia ugonjwa wake. Hofu ile ile, maneno yale yale, orodha zile zile. Desemba 1996 waliamriwa warudi, na makambi yakabaki na visiki vya miti.

Na upande wa pili? Oktoba 1990, waliovuka kwa silaha kutoka Uganda wengi walikuwa vijana waliolelewa ukimbizini, na wengine wao Rwanda hawakuwahi kuiona kwa macho. Walikuwa wameijua kwa nyimbo za mama zao. Hatuko hapa kuamua habari za vita na siasa. Twaonyesha tu kwamba wimbo wa ugenini si kitu chepesi.

Chukueni Zaburi ya 137. Sote twaipenda: mito ya Babeli, vinubi vilivyotundikwa mitini, na swali la namna ya kumwimbia Bwana katika nchi ya kigeni. Kwaya huishia mstari wa 6. Endeleeni mpaka wa 9. Mwimbaji yule yule, kwa pumzi ile ile, anambariki mtu atakayewapiga watoto wachanga wa adui mwambani. Biblia haikuuficha mstari huo. Imeuacha pale ili mtu aliye mbali na kwao ajue anachoweza kukikuta chini ya kinubi chake.

Basi turudi kaburini. Kimya kilipozidi, sauti ilianza nyuma, karibu na mnazi wa pekee wa kibanja kile, ambao marehemu mume wake aliupanda kwa ubishi na haujawahi kuzaa. Alikuwa mzee mmoja aliyekuja na wimbi la 1994, ambaye kwa njia halali amebaki nasi. Kanisani hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Bibi alikaa benchi la mbele. Kaka zake wawili bibi, waliokuwa wamebaki Rwanda, waliuawa Aprili ile. Katika miaka yote hiyo tuliwaona hawa wawili wakipokea Ushirika Mtakatifu katika reli moja, na hatukuwaona wakipeana mkono hata mara moja. Hatusemi kwamba mzee yule alitenda neno lolote. Hatujui kwamba alitenda, wala hakuna aliyemshtaki. Ilitosha kwamba alitoka upande ule.

Alianza wimbo kwa sauti iliyopasuka katika ubeti wa kwanza. Mwana mkubwa wa marehemu aliinua kichwa, akamtazama. Kamba zilikuwa mikononi mwa wachimba kaburi, hawajui washushe au wangoje. Kisha binti mdogo wa marehemu akashika wimbo, na shangazi zake, na wajukuu wawili waliotoka Dar es Salaam ambao hawakujua maneno bali walijua sauti. Katika ubeti wa tatu kwaya ikaingia. Mwana mkubwa hakuimba. Alishika kamba mwenyewe, akamshusha mama yake.

Hatuandiki kwamba watu wamepatana. Mwana yule hajatuambia lililo moyoni mwake, na hatukumlazimisha. Twaandika tuliyoyaona: kwamba mtu aliyeutimiza wosia wa bibi hakuwa mwanawe, wala mchungaji, wala mzee wa kanisa. Sisi wenye dhamana tuliomba mkalimani asimame katikati, na mzee wa benchi la mwisho akamtoa chumbani.

Limebaki jambo la mifupa. Yusufu alipokaribia kufa, baada ya heshima zote za Misri, aliwaapisha wana wa Israeli kwamba watapandisha mifupa yake kutoka huko. Kutoka 13 yasema Musa aliichukua usiku ule wa haraka, na Yoshua 24 yasema ilizikwa Shekemu. Manase, jina la kusahau. Mifupa, agano la kukumbuka. Vyote viwili ni vya mtu mmoja, wala hakuwa mnafiki.

Watu wetu nao wanasumbuka na jambo hili. Mfalme wa mwisho wa Rwanda, Kigeli wa Tano Ndahindurwa, alitoka nchini mwaka 1960, utawala wake ukaondolewa mwaka 1961, akakaa miaka mingi hapa Afrika Mashariki na mwisho Marekani. Alipofariki Oktoba 2016 jamaa zake waligombana mahakamani huko Virginia juu ya mahali pa kumzika, mpaka ikaamuliwa arudishwe, akazikwa Mwima, Nyanza, Januari 2017. Alirudi akiwa jeneza, baada ya miaka 56.

Na jirani zetu waliorudi wakiwa hai, baada ya 1994, wakiswaga ng'ombe wao kuelekea Umutara? Wengine huja kutusalimu wakati wa Krismasi. Wanatusimulia kwamba kule waliitwa kwa jina la nchi waliyotoka, na kwamba Kinyarwanda chao kilichekwa kwa sababu kimechanganyika na Kiswahili. Huku walikuwa Wanyarwanda, kule wakawa Watanzania. Katika Mwanzo 43 chakula kilipoandaliwa, Wamisri waliandaliwa peke yao, ndugu zake Yusufu peke yao, na Yusufu peke yake. Mama mmoja wa Umutara alituambia kwamba mpaka leo, akitaka kumwomba Mungu kwa haraka, mtoto akiwa na homa usiku, huomba kwa Kiswahili cha Nyakasimbi.

Bibi yetu yeye hakutaka mifupa yake ivuke mto. Alisema, na hili tulilisikia kwa masikio yetu, kwamba mume wake yuko hapa na watoto wake wawili waliokufa wachanga wako hapa, na hawezi kuwaacha usiku. Aliuacha mwili Tanzania, akataka wimbo tu.

Kwa hiyo wazee wa kanisa wamekaa, tumezungumza kwa muda mrefu, na si wote walikubali upesi. Mmoja aliuliza, "Na mambo ya 2013 yakirudi?" Hatukuwa na jibu la kumridhisha, nasi tunaona ana haki ya kuuliza. Hata hivyo imeamriwa hivi. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio, wimbo wa Kinyarwanda utarudi katika ibada ya Ushirika Mtakatifu, na mwezi unaofuata utaimbwa wa Kinyambo, maana nao tulikuwa tumeusahau bila kutishwa na mtu yeyote. Somo litasomwa kwa Kiswahili kama kawaida. Walio na vitabu vya nyimbo vya zamani wavilete ofisini. Vilivyochanika akina mama watavishona. Mzee wa benchi la mwisho amekubali kuwafundisha vijana wa kwaya matamshi, kila Jumamosi saa 9 alasiri. Mwana mkubwa wa marehemu ameombwa alete kitabu cha mama yake, ambacho ndicho pekee chenye nyimbo zote. Bado hajatujibu.